Kompyuta Uliyoiongeza Kasi Inakusumbua? Soma Dalili Kabla ya Kugusa Volteji

Februari, saa nane mchana, kijana mmoja wa Fuoni aliniletea kompyuta anayohariria video za harusi. Jasho lilikuwa linamtiririka, na kasha amelibeba kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo fundi. Mashine inaganda, na Ijumaa watu wanataka kazi yao."

"Marahaba mwanangu. Umegusa kitu gani?"

"Volteji tu. Ilipoanza kuganda nikaipandisha kidogo. Ikazidi kuganda, nikaipandisha tena."

Ndani mlikuwa na prosesa ya Intel i7-8700K. Mwezi wa Julai aliipandisha hadi 4.8 GHz kwa viini vyote sita, kwa volti 1.30, na miezi yote ya kusi ilifanya kazi bila tatizo. Kaskazi ilipoingia ikaanza kumkatikia katikati ya kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika. Siku aliyokuja kwangu alikwishafika volti 1.38.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu karibu kila mtu anayeniletea mashine iliyoongezwa kasi huwa amepita njia ileile. Kila ugonjwa ameutibu kwa volteji. Hata hivyo, dalili za kompyuta hizi hazifanani, na hapa Unguja na Pemba mara nyingi kisababishi kiko nje kabisa ya prosesa: hewa ya chumba, chumvi ya bahari, au umeme wa ukutani.

Kabla ya yote shika hesabu hii. Joto linalotoka kwenye prosesa hukua kwa kasi mara volteji mara volteji. Volteji inazidishwa kwa nafsi yake. Kutoka volti 1.30 kwenda 1.38 joto linaongezeka kwa karibu asilimia 13, na kijana yule hakupata hata MHz moja zaidi. Na prosesa ikishapata moto sana inahitaji volteji kubwa zaidi ili ibaki imara kwenye kasi ileile. Kwa hiyo kila alipopandisha alikuwa anaikimbiza mbele zaidi ile shida aliyotaka kuikamata.

Jambo la pili: rudisha mipangilio ya kiwandani kwenye BIOS, ile menyu unayoifungua kabla Windows haijaanza, uitumie mashine siku mbili. Tatizo likibaki, si la ovakloki, yaani huko kuongeza kasi, na makala hii haitakusaidia sana. Likiondoka, endelea kusoma. Andika namba zako kwenye daftari, maana ukishafuta BIOS hazirudi. Pia hakikisha kifaa chako kinakubali kazi hii. Kwa Intel ni prosesa zenye herufi K mwishoni, zikae juu ya mazabodi ya jamii ya Z. Kwa AMD, Ryzen nyingi ziko wazi, lakini mazabodi ya A320 haikuruhusu.

Dalili: haiwaki, au inawaka na kuzima mara mbili tatu

Hii ndiyo inayotisha wengi, lakini ndiyo nyepesi kuliko zote. Umeomba kasi ambayo prosesa haiwezi hata kuanza nayo. Mazabodi nyingi hujaribu mara kadhaa, kisha hujirudisha zenyewe kwenye mipangilio ya mwanzo. Isipojirudisha, chomoa waya wa umeme, toa betri ndogo ya CR2032, subiri dakika tano, irudishe. Kama betri ina miaka mingi nunua mpya kabisa.

Dalili: haigandi, lakini kazi inakwenda polepole kuliko kabla hujaiongeza kasi

Fungua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, endesha Cinebench, ile inayoipa prosesa mzigo na kuipa alama, na uangalie vitu vitatu kwa pamoja: joto la viini, kasi halisi ya viini, na wati.

Joto likigota kwenye kikomo, yaani nyuzi 100 kwa i7-8700K au 95 kwa Ryzen 5 3600, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Wati zikiganda kwenye namba moja, tuseme 95, huku joto liko chini, kuna kikomo cha umeme kwenye BIOS ambacho hujakifungua. Joto la viini likiwa zuri, wati hazijagota, na kasi bado inaporomoka, weka kidole karibu na bati dogo la kupozea lililo pembeni mwa soketi. Hapo ndipo ilipo sakiti ya kulisha prosesa umeme, ile VRM. Mazabodi za bei nafuu huwa na VRM dhaifu isiyo hata na bati, na ikipata moto huamuru prosesa ipunguze mwendo. Feni ndogo ikiipulizia moja kwa moja, mara nyingi hali inatengemaa.

Kwa joto la viini, tazama limepanda vipi. Hili hatua nyingine haziwezi kukuambia, nami nimelitegemea miaka yote. Anzisha mzigo na uhesabu. Joto likiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde mbili, moto hautoki kwenye prosesa kwenda kwenye kipozeo: pesti ya kupitisha joto imekauka, skuruu moja imelegea, au nailoni ya kinga ya kipozeo kipya haikubanduliwa. Usicheke, nimeikuta mara mbili. Joto likipanda polepole, likachukua dakika kumi kufika 95, mgusano ni mzuri na kinachokosekana ni hewa. Fungua ubavu wa kasha na uendelee na mzigo. Likishuka nyuzi tano au zaidi, kasha lako halipumui. Lisiposhuka, chumba chenyewe ndicho kimekuwa tanuri.

Na chumba kweli huwa tanuri. Usiku wa Julai, kusi ikivuma, chumba kinaweza kuwa na nyuzi 23. Mchana wa Februari au Machi, chini ya mabati yasiyo na dari, hupita 34. Kwa mzigo uleule, kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongeza karibu nyuzi moja kwenye prosesa. Mashine iliyokuwa na 86 mwezi wa Julai ina 97 mwezi wa Februari, na hakuna mtu aliyeigusa. Hiki ndicho kilichompata kijana wa Fuoni. Alipima wakati wa baridi, akafanya kazi wakati wa joto. Isitoshe, miaka hii Shaaban imeangukia kwenye kaskazi, na harusi za kabla ya mfungo ndizo zinazomjalia kazi. Mashine ilikuwa inaombwa nguvu zake zote katika wiki zenye joto kuliko zote za mwaka.

Feni la dari halisaidii sana ikiwa kasha limebanwa kwenye kona chini ya meza. Linazungusha hewa ileile ya moto. Afadhali uliburute kasha karibu na dirisha, mgongo wake uelekee nje, ingawa hapo unakaribisha chumvi.

Chumvi na wadudu

Tunaoishi karibu na bahari tuna vumbi la namna yake. Halipeperuki. Hunyonya unyevu wa hewa, likawa kama ugali mwembamba uliokauka kati ya mapezi ya kipozeo. Blowa peke yake haliliondoi. Mimi hukitoa kipozeo kizima, nikaondoa feni, nikayasugua mapezi kwa mswaki laini na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, nikasuuza, kisha nikakiacha juani hadi kikauke kabisa. Feni na mazabodi haviguswi na maji. Hivyo ni brashi kavu na spiriti ya isopropili tu. Nyumba za Chukwani na Mkoani zinazotazama bahari, fanya hivi kila miezi mitatu. Darajani au Michenzani, miezi sita inatosha.

Angalia pia kama kuna mjusi kafiri. Anapenda joto la pawa saplai na hupita kwenye matundu ya nyuma. Mara moja niliitiwa kasha lililokuwa likilia "trrr" na prosesa kufika nyuzi 99. Mjusi alikuwa amekaukia kati ya bapa mbili za feni, mkia umefungana na waya. Wavu mwembamba wa dirisha uliokatwa na kubandikwa kwenye matundu ya nyuma unazuia hilo, lakini usiweke wavu wa mbu ule mzito sana, unaziba hewa.

Na kama unatumia kiyoyozi: usitoe kompyuta kwenye chumba cha nyuzi 20 ukaiwasha hapohapo kibarazani. Hewa yetu imebeba maji mengi, na chuma baridi kikikutana nayo hutoka jasho kama chupa ya soda. Iache ikae saa mbili bila umeme.

Dalili: skrini ya buluu au kuganda chini ya mzigo, na joto liko chini ya nyuzi 85

Hapa sasa volteji ina nafasi yake. Soma msimbo ulioandikwa kwenye skrini. CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT na WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR kwa kawaida husema kwamba viini vimekosa volteji ya kutosha kwa kasi uliyoomba. MEMORY_MANAGEMENT huelekeza zaidi kwenye ramu. Prime95, programu ya kuijaribu prosesa kwa hesabu nzito, ikisimamisha kiini kimoja kwa kuandika "Rounding was 0.5, expected less than 0.4", kiini hicho kimekosea hesabu, nacho ndicho dhaifu kuliko wenzake.

Usikimbilie kuongeza. Kwanza linganisha volteji uliyoiweka na ile inayofika. Kwenye BIOS umeandika 1.30, lakini mzigo ukianza HWiNFO inaonyesha 1.21. Tofauti hiyo si kasoro. Mazabodi zimetengenezwa zishushe volteji kidogo mkondo ukiwa mkubwa, ili mzigo ukiachwa ghafla volteji isiruke juu kupita kiasi. Mpangilio unaoitwa LLC ndio unaoamua ishuke kiasi gani. Weka ngazi ya kati. Ngazi ya juu kabisa hupendeza kwenye namba, lakini mzigo unapokatika volteji huruka kwa muda mfupi ambao programu haiwezi kuuona, na kuruka huko ndiko kunakochosha prosesa. Kumbuka pia kwamba kuna mazabodi zinazohesabu ngazi kinyumenyume, ya 1 ikawa kali na ya 8 laini. Soma kitabu chake.

Ukishaweka LLC, ongeza volti 0.01 kwa mara moja, ujaribu nusu saa. Kwa prosesa za Intel za kizazi cha 8 na 9, mimi kwa hewa yetu sivuki 1.35 kwa mashine ya kazi ya kila siku. Kwa Ryzen 3000 iliyofungiwa kasi moja kwa viini vyote, nasimama kwenye 1.30. Wako watu wa nchi za baridi wanaovuka hapo. Waache, chumba chao kina nyuzi 18. Na usishtuke ukiona Ryzen isiyoguswa inaonyesha 1.45 ukiwa unasoma barua pepe tu. Hiyo ni kwa mzigo mdogo na mkondo mdogo. Kinachoua ni volteji kubwa, mkondo mkubwa na joto vikikutana kwa muda mrefu.

Ikiwa inaanguka kwenye Prime95 tu na kazi zako zote zinakwenda, huenda ni maagizo ya AVX, ambayo ni mazito kuliko kazi za kawaida. Mazabodi nyingi za Intel hukuruhusu kupunguza kasi wakati wa AVX pekee. Punguza ngazi mbili. Lakini fahamu kwamba baadhi ya programu za kurenda video nazo hutumia AVX, kwa hiyo usiipuuze dalili hii kwa kuwa ni "jaribio tu".

Dalili: mzigo mzito inauweza, inaganda ukiwa umetulia

Watu huona ajabu. Umerenda saa tatu salama, ukaenda kusali, ukarudi ukakuta skrini imeganda. Prosesa ikipumzika inashusha kasi na volteji, na kama umeishushia volteji kwa kupunguza kutoka ile ya kiwandani, inaweza kuishiwa huko chini au katika kupanda ghafla. Kwa Ryzen 5000 na zilizofuata, mtu aliyeweka punguzo la 30 kwenye mpangilio wa Curve Optimizer kwa viini vyote kwa kuwa kaona mwenzake kafanya hivyo hukutana na hili sana. Rudisha hadi 15, kisha ushuke kiini kimoja kimoja. Viini vizuri zaidi mara nyingi ndivyo visivyovumilia punguzo kubwa.

Kwenye Ryzen 3000 kuna udanganyifu mwingine wa kuangalia: volteji ikiwa ndogo haigandi, inapunguza mwendo kimyakimya huku namba ya GHz imebaki ileile. Kwa hiyo usiamini GHz peke yake. Linganisha alama za Cinebench kabla na baada.

Dalili: hakuna kuganda, ila mafaili yanaharibika

Hii naiogopa kuliko zote, kwa sababu haipigi kelele. Faili la zip linakataa kufunguka, video inatoa mraba wa kijani kwenye sekunde moja, programu inajifunga bila neno. Mwenye mashine anadhani ni kirusi. Fungua Event Viewer ya Windows, tafuta WHEA-Logger. Namba 19 zikiwa zimejipanga, prosesa imekuwa ikikosea na kujisahihisha, na makosa mengine huenda hayakusahihishwa.

Mara nyingi mkosaji ni ramu iliyowashiwa XMP, mpangilio wa BIOS unaoipa ramu kasi kubwa, juu ya prosesa iliyoongezwa kasi. Zima XMP, jaribu. Kisha weka MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi na uiache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kukataa mpangilio. Usiseme moja si kitu. Kwa anayehariri harusi, nakala ya kadi ya kamera isifutwe mpaka kazi imefika kwa wenyewe, maana bibi harusi haingizwi ukumbini mara ya pili.

Dalili: inazima ghafla au inajiwasha upya bila skrini ya buluu

Hapa ndipo visiwa vyetu vinapotofautiana na maelezo ya watu wa mbali, basi nivumilie nieleze kwa kirefu.

Event Viewer itakuonyesha Kernel-Power 41. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine ilikatika bila kuagwa. Andika saa. Ukipata matukio matano, yatazame: kama yamejikusanya kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati kila nyumba imewasha feni, pasi na friji, usiguse prosesa. Chukua mita, pima soketi. Nyumbani kwa mteja mmoja wa Mwanakwerekwe nilipima 231 saa nne asubuhi na 187 saa mbili usiku, kwenye soketi hiyohiyo.

Pawa saplai nzuri za siku hizi zinakubali kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo 187 peke yake haizizimi. Lakini umeme ukiwa mdogo pawa saplai huvuta mkondo mkubwa zaidi ili itoe wati zilezile, na waya mwembamba wa ekstensheni unapata moto. Shida kubwa zaidi ni kukatika kwa kufumba na kufumbua. Pawa saplai ina akiba ndogo ndani ya kapasita zake, ya kushikilia takriban milisekunde 16 ikiwa imebeba mzigo wake wote. Prosesa iliyoongezwa kasi inaimaliza akiba hiyo upesi zaidi. Stebilaiza ya relei, ile inayolia "tak" friji linapoamka, huukata umeme kwa muda mfupi kila inapobadilisha ngazi. Bila ovakloki kompyuta inavuka pengo hilo. Ikiwa na ovakloki na inarenda, inaanguka. Mwenyewe anasema ovakloki si imara, anaongeza volteji, akiba inaisha mapema zaidi, na mashine inaanguka mara nyingi zaidi.

Kipimo ni rahisi. Rudia mzigo uleule saa kumi za alfajiri. Ukipita, tatizo ni umeme. Weka kompyuta kwenye soketi yake peke yake, mbali na friji na pampu ya maji. Tafuta UPS inayorekebisha volteji yenyewe, na wati zake zizidi zile unazozipima chini ya mzigo. Tuliokuwepo Unguja katika kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010 tulijifunza pia kuhusu jenereta ndogo: volteji yake inayumba kila mzigo unapobadilika. Ukiwa kwenye jenereta, rudisha kasi ya kiwandani.

Umeme wa ukutani ukiwa sawa, fungua kasha na uchomoe plagi ya pini nane inayolisha prosesa, ile ya kona ya juu kushoto. Iangalie kwa tochi. Nimewahi kuona pini mbili za njano zimebadilika zikawa kahawia, plastiki yake imevimba kama maandazi. Ilikuwa imechomekwa nusu. Plagi ya namna hiyo haitengenezwi, badilisha pawa saplai.

Dalili: ilikuwa imara mwaka mzima, sasa inataka volteji zaidi

Kwanza ondoa msimu, vumbi na pesti. Vikiwa vyote safi na chumba ni baridi, huenda prosesa imechoka. Kuchoka huko hakurudi nyuma. Punguza kasi ngazi moja au mbili, usiongeze volteji.

Kama una Intel ya kizazi cha 13 au 14, soma hapa hata kama hujaiongeza kasi. Mwaka 2024 Intel ilithibitisha kwamba prosesa hizo za mezani zilikuwa zikiomba volteji kubwa mno zenyewe na kuharibika. Marekebisho yalitoka kupitia BIOS: 0x129 mwezi wa Agosti, kisha 0x12B mwezi wa Septemba, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Sasisha BIOS kabla ya jambo lolote. Marekebisho hayo huzuia madhara mapya, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia.

Sasa kijana wa Fuoni. Nilitoa kipozeo, nikakisafisha, nikaweka pesti mpya, nikaligeuza feni la nyuma lililokuwa linavuta hewa ndani badala ya kuitoa. Nikashusha kasi hadi 4.6 GHz na volteji hadi 1.22. Tukaijaribu dukani kwangu saa nane mchana, dirisha wazi, bila kiyoyozi, kwa saa mbili. Ikasimama kwenye nyuzi 83. Kazi ya kurenda iliyokuwa inachukua saa moja sasa inachukua saa moja na dakika mbili na nusu hivi. Alikaa kwenye benchi akiitazama namba hiyo ya 83 mpaka adhana ya alasiri, ndipo akaniomba kamba alifungie kasha kwenye vespa.